Barua kwa Msusi: Leya Gani kwa Nywele Zipi?

Toleo lililopita tulizungumzia ncha zilizochanika, na barua zilizofuata karibu zote zinauliza kuhusu leya. Nimefurahi. Kwa muda mrefu wengi wetu tumeingia saluni kusuka, kuritachi au kushonea wivingi, na mkasi tumeuogopa. Leya ni ukataji ambao mara nyingi nywele za juu zinaachwa fupi kuliko za chini, kwa hiyo haziishii kwenye mstari mmoja bali zinashuka kwa ngazi. Mkato uleule unaweza kumpa mmoja ujazo na kumwachia mwingine ncha chache zinazoning'inia. Kinachowatofautisha ni nywele zenyewe na maisha ya mwenye nywele: anazibana vipi akienda kazini, analala nazo vipi, anaziosha kwa maji gani. Kwa sababu hiyo baadhi ya majibu yangu yana maswali ndani yake.

*

Dada, shikamoo. Nina miaka 24, niko Mwanza. Nywele zangu ni za dawa, naritachi kila baada ya miezi miwili, na zimefika mabegani. Nataka leya nyingi zianzie karibu na macho. Msusi wangu wa mtaani anasema zitaniharibia, marafiki wanasema zitanipa ujazo. Nimsikilize nani? — Mwenye Dawa, Mwanza

Marahaba, mdogo wangu. Msusi wako amezishika nywele hizo, mimi sijazishika, kwa hiyo neno lake lina uzito. Ila unaweza kujipima mwenyewe. Osha nywele, zikaushe, zichane zilale, kisha zilete zote mbele ya bega moja na uweke kitambaa cheupe nyuma yake. Angalia kuanzia kidevuni kwenda chini. Kama kitambaa kinaonekana wazi kupitia nywele kwenye sentimita tano au sita za mwisho, ncha zako tayari ni chache. Leya huchukua nywele kutoka kwenye urefu na kuziacha juu. Ukizikata leya sasa, utabaki na kofia juu na nyuzi chini. Kata kwanza mstari mmoja ulionyooka hadi pale kitambaa kinapopotea, hata kama unapoteza urefu wa mabegani, halafu leya zifuate miezi michache baadaye.

Nakushauri hivyo kwa sababu ya dawa. Ziwe zile za sodiamu haidroksaidi au zile za kalsiamu zinazochanganywa muda mfupi kabla ya kupakwa, zote zinanyoosha kwa kuvunja vifungo vya salfa vilivyo ndani ya unywele. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoushikilia msokoto wake, na sehemu kubwa ya nguvu yake imo humo. Vikishavunjwa havirudi. Ncha ya unywele wako imepita dawa ya kwanza na huenda imeguswa tena ritachi zilizofuata kwa sababu dawa ilishuka chini wakati wa kusuuza. Shina limeguswa mara moja tu. Unabeba kichwani nywele zenye umri tofauti na nguvu tofauti, na mkasi unatakiwa kulijua hilo.

Kitambaa kikikupa jibu zuri, kata. Lakini leya fupi kuliko zote isipande juu ya kidevu. Najua unazitaka machoni. Fikiria Jumatatu asubuhi, unabana mkia. Unywele ulioishia machoni haufiki kwenye kibanio, unatoka pembeni. Utaupaka jeli, utauvuta kwa brashi ngumu, utaukaza kwa kitambaa. Nina mteja muuguzi anayebana nywele kila zamu, na kabla ya kufungua mkasi mimi na yeye tulipima kwanza: tukabana mkia pale anapoubana siku zote, tukaona umbali kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye kibanio, na huo ndio ukawa urefu wa leya yake ya juu kabisa. Kuvuta kila siku ndiko kunakomaliza nywele za pembeni, na zikishapotea kwa miaka mingi mizizi yake inaweza kufa kabisa. Sipendi kuona mtindo wa kichwa kizima unalipiwa kwa nywele za pembeni.

Mambo mengine ni ya kumwambia msusi kabla hujakaa. Akate baada ya ritachi, mashina yakiwa yamenyooka sawa na ncha. Akikata wakati ukuaji mpya umeinuka, vipimo vitamdanganya na ngazi zitaonekana zimekosewa baada ya dawa. Asitumie wembe. Wembe huchana unywele wa dawa kwa mshazari, na kutoka hapo unapasuka kwenda juu. Mkasi wa meno, ule wa kupunguza wingi wa nywele, nao auweke kando.

Na nunua rola. Leya za nywele za dawa zinapendeza zaidi zikisetiwa kwa rola kubwa kuliko zikipigwa pasi, kwa sababu rola inaikunja kila ngazi peke yake na unaziona zote. Pasi inazilaza pamoja, halafu unajiuliza ulikata kwa nini. Usiku zizungushe kichwani, funga skafu ya satini.

*

Mimi ni wa Dodoma, nywele zangu ni za asili, za kipilipili, 4C kabisa. Nikizivuta zinafika mabegani, nikiziachia zinaishia masikioni. Binamu yangu ananiambia leya ni za watu wenye nywele laini, sisi wengine tutrimu tu. Ni kweli? — Kipilipili

Si kweli, na ninalisema hili kwa moyo wote. Ile afro ya duara, iliyosimama sawasawa kila upande, ni leya tupu. Ili ipatikane, kila unywele unavutwa wima kutoka kwenye ngozi ya kichwa, kwa pembe ya nyuzi 90, na kukatwa urefu uleule utosini, pembeni na kisogoni, kwa hiyo ncha haziishii kwenye mstari mmoja. Vyuo vya ususi vinafundisha mkato huo kama moja ya mikato ya msingi kabisa ya leya. Bibi zetu na mama zetu waliofuga afro miaka ya 1970 na kumwomba kinyozi aizungushie walikuwa wanakata leya.

Sasa hiyo 4C. Mfumo wa kuzipa nywele namba kuanzia 1, zilizonyooka, hadi 4, zilizojikunja kabisa, ulienezwa na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990. Umewasaidia watu kuelewana, lakini namba hiyo inaeleza msokoto tu. Haisemi una nywele nyingi kiasi gani kichwani, wala kama unywele mmoja mmoja ni mnene au mwembamba. Kwa mkasi, wingi ni jambo kubwa kuliko msokoto. Wanawake wawili wa 4C wanaweza kukaa kwenye viti vyangu, mmoja anahitaji nipunguze uzito wa pembeni ili uso uonekane, mwingine nikimgusa pembeni ngozi itaanza kuonekana.

Kwa hiyo jipime. Gawa nywele katikati hadi kisogoni, zichane kwa vidole tu, usivute. Kama ngozi ya njia inafunikwa mara moja, una nywele nyingi na unaweza kukatwa umbo lolote. Kama njia inabaki wazi, acha utosi uwe na urefu mkubwa na ukate zaidi chini, kisogoni na juu ya masikio. Umbo la namna hiyo linapandisha wingi pale unapohitajika.

Jambo la pili ni hali ya nywele wakati wa kukata. Umeniambia mwenyewe: zikivutwa mabegani, zikiachiwa masikioni. Nywele za kipilipili zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake halisi, hata chini ya nusu, na hazijikunji sawa kichwa kizima. Kwa wengi, za utosini au za kisogoni zinajikunja zaidi kuliko nyingine. Msusi akizinyoosha kwa draya, akakata ngazi nzuri kabisa, ukienda nyumbani ukaziosha utakuta upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, na hakuna aliyekosea hesabu. Kata zikiwa katika hali unayoivaa siku nyingi. Kama wewe ni mtu wa kusokota twisti na kuzifungua, nenda saluni zikiwa zimefunguliwa, kavu, na msusi azunguke kichwa akikata umbo analoliona. Kama kila wiki mbili unazinyoosha, basi zikatwe zimenyooshwa, na ukubali kwamba siku ukiziacha huru hazitakuwa na umbo kamili. Kuupata ukamilifu kote kuwili ni vigumu sana, na anayekuahidi hivyo muulize ataufanya vipi.

Mkasi wa meno kwa nywele zako nauogopa kuliko kwa nywele nyingine zote. Unywele wa kipilipili ni bapa kidogo na una kona nyingi, na kila kona ni mahali dhaifu. Mkasi ule unaacha nyuzi fupi ndani ambazo zinajikunja na kuzisukuma zile ndefu juu. Unapata fundo na timtim pale ulipotaka wepesi. Mkasi mkali wa kawaida unatosha. Mkali kweli, usiwe uleule unaokatia nyuzi za rasta.

Halafu kuna kusuka. Dodoma kuna upepo na ukavu, naamini unasuka mara nyingi ili kuzihifadhi, na mafuta ya ngozi yanapata shida kushuka hadi kwenye ncha za nywele zenye kona. Ukitaka twende kilioni au rasta baada ya leya, mwambie msusi asishuke chini ya sentimita tano mahali popote, zikiwa zimevutwa. Chini ya hapo mkono wa msukaji unateleza, na yeye atalipiza kwa kukaza.

*

Assalaam alaykum dada. Naandika kutoka Muscat, asili yetu Unguja. Nywele zangu ni nzito sana, za mawimbi, zimeshuka hadi mgongoni. Juu zinalala bapa, chini zinatanuka. Navaa hijabu, nataka wepesi lakini sitaki vinywele vitokeze mbele. — Umm wa Watatu

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hilo umbo la pembetatu, bapa juu na pana chini, ni malalamiko ya kila mwenye nywele nzito za mawimbi zilizokatwa mstari mmoja. Uzito wote umekaa chini na unazivuta za juu. Wewe ndiye ambaye leya zitakusaidia zaidi kuliko wote walioandika mwezi huu.

Omba leya ndefu. Unyoya wa mbele, yaani ngazi fupi za kuzunguka uso, usiwepo kabisa. Ngazi ya kwanza ianzie chini ya mfupa wa bega, na uzito upunguzwe ndani, kwa nyuma, kwenye sehemu inayofunikwa na tabaka la juu. Kabla ya kuanza, mwoneshe msusi unavyobana chini ya hijabu. Kama unafunga kishungi kisogoni, kila unywele wa pembeni ufike kwenye kishungi hicho na ubaki na akiba ya vidole vitatu vinne. Ukifanya hivyo hakuna kitakachochomoza mbele ya ushungi, na kile kibonge kinachoinua nguo kisogoni nacho kitapungua, maana nywele zenyewe zitakuwa chache.

Tafuta anayekata mawimbi yakiwa makavu. Lorraine Massey wa New York alikuwa miongoni mwa walioeneza njia ya kukata nywele za mviringo zikiwa kavu, wimbi moja baada ya jingine, na leo wako wasusi wengi wanaoifuata katika miji mikubwa. Nywele mbichi zinavutika, zikikauka zinapanda, na mawimbi yako hayapandi sawa. Akikata mabichi, akate kidogo, zikauke, kisha amalizie.

Nikuombe pia usifunge hijabu nywele zikiwa mbichi. Kwa joto la huko na unyevu uliofungiwa ndani, ngozi inawasha, mba wanaongezeka, na mawimbi yanakauka yakiwa yamekunjwa vibaya. Ukishapunguzwa uzito zitakauka haraka kuliko sasa.

*

Mimi ni wa Nairobi. Nywele zangu ni za singa, laini na chache. Mama ana picha ya mwigizaji Jennifer Aniston ya miaka ile alipokuwa na leya za kuzunguka uso, nimeipenda. Itanifaa? — Singa

Hapana, mwanangu, si kwa ukamilifu wake. Mkato huo ulitengenezwa Los Angeles na msusi wake, Chris McMillan, katikati ya miaka ya 1990, na Aniston mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba hakuupenda na kwamba bila McMillan hakujua kuutengeneza. Ule ni mkato wa draya na brashi ya duara kila asubuhi, kwa mtu mwenye nywele za kutosha.

Kwako: mstari mzito, ulionyooka, unaoishia kwenye mfupa wa bega au juu yake kidogo. Mbele tu, kutoka kidevuni kwenda chini, akukatie vipande viwili vitatu vilivyolala kuelekea usoni. Nyuma asiguse. Ncha zikiwa pamoja, nywele chache zinaonekana nyingi.

*

Dada, mimi ni wa Temeke. Nimenunua wigi la nywele za binadamu Kariakoo, inchi 22, refu lote sawa, linanifanya nionekane nimebeba mzigo. Naweza kulikata leya mwenyewe? — Inchi 22

Unaweza kulikata, ila ukiwa umelivaa. Wigi lililoshikwa mkononi au kwenye kichwa cha plastiki halina mabega yako, shingo yako wala paji lako, na wengi hukata ngazi ya mbele ikaja kuishia puani. Livae kama utakavyolivaa siku zote, lichane, simama mbele ya kioo chenye mwanga. Anza na ngazi ndefu, inchi chache chini ya unapotaka, kisha panda kidogo kidogo. Nywele hizo hazioti tena, kwa hiyo kila inchi unayoondoa ni ya kudumu.

Kabla ya yote ligeuze ndani uangalie limetengenezwaje. Kama ni la mistari iliyoshonwa kwa cherehani, safu juu ya safu, usikate fupi utosini hata kidogo. Zile nywele ndefu za juu ndizo zinazoficha mistari, ukizifupisha zinasimama na mshono unaonekana. Leya zako zianzie kwenye kidevu. Kama utosini limefungwa unywele mmoja mmoja kwenye wavu, una uhuru zaidi.

Shika kipande chembamba, kizungushe kidogo, ingiza ncha ya mkasi kwa wima na kukata vijipande vijipande. Usikate kwa mlalo, utaacha ngazi zinazohesabika kwa macho. Na kwa wenye mawigi ya nyuzi za plastiki wanaosoma hapa: mkasi ni uleule, lakini ncha za nyuzi hizo hazikubali pasi ya kawaida, zinaungua na kuganda, isipokuwa maandishi ya pakiti yaseme zinastahimili joto, tena kwa kiwango kilichotajwa pale. Kwa hiyo usikate leya ukitegemea kuzikunja baadaye.

Kwa bei ya wigi lako, kama mkono unatetemeka, mlipe msusi. Naona ni fedha iliyotumika vizuri.

*

Nilikwenda saluni moja hapa Arusha nikaomba leya, nikatoka na nywele za juu zinazoishia masikioni na za chini zikiwa mabegani. Ni za asili, nazinyoosha. Nimelia. Nizikate zote ziwe sawa? — Arusha

Pole sana, mdogo wangu. Usizikate zote sasa hivi. Uamuzi wa siku ya machozi huwa unaondoa nywele nyingi kuliko inavyohitajika, na hizo za chini ndizo zitakazokusaidia kubana mkia katika miezi inayokuja.

Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi huenda polepole kidogo kuliko hapo. Kukata ncha hakuharakishi, maana unywele unaota kutoka kwenye mzizi na mzizi hauna habari na mkasi. Kunachofanya ni kuzuia mpasuko usipande na kula urefu ulioupata. Kutoka sikioni hadi kidevuni kwa watu wengi ni kama sentimita nane hadi kumi. Jipe karibu mwaka.

Mpango wangu ni huu. Za juu usiziguse kabisa isipokuwa uone zimepasuka. Za chini, kila miezi mitatu mwambie msusi apunguze sentimita mbili, mstari ulionyooka. Za juu zinashuka kwa kasi yake, za chini zinashuka polepole zaidi, na tofauti inapungua bila wewe kuingia kwenye nywele fupi ghafla. Punguza kuzinyoosha. Pasi ya moto sana inaua msokoto wa hizo fupi, na ukitaka kurudi kwenye nywele huru utakuta utosini zimelala na pembeni zimejikunja. Miezi hii ya mwanzo zisokote twisti uzifungue. Zikiwa zimejikunja, tofauti ya urefu haionekani sana, na wengine watadhani ndiyo afro uliyoichagua. Kwa siku za kazi, sukia mbele twende kilioni mbili au tatu nyembamba zielekee nyuma, zisizokazwa, na za chini uziache au uzibane.

Kama maji ya kwako ni ya kisima na yana chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa ukiweza, maana chumvi inazifanya ngumu na fupi zinakatika zaidi.

Za juu zikifika kwenye kidevu, niandikie tena na unitumie picha ya kisogo, si ya mbele tu. Hapo ndipo tutaona kama tunasawazisha zote au tunaziacha hizo ngazi ziwe zile ulizoziomba mwanzoni.